LinuxCNC kwenye kompyuta kuukuu: tathmini ya miezi minane

Kwa miezi minane sasa mashine ya kuchonga mbao katika karakana yetu inaongozwa na LinuxCNC, programu huria isiyo na malipo, iliyowekwa kwenye kompyuta ya mezani ambayo ofisi moja ilikuwa imekwisha kuitupa. Asili ya programu hii ni mradi ulioanzishwa miaka ya 1990 na NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, na leo huendeshwa juu ya Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, yenye kerneli (kiini cha mfumo) maalumu inayotunza wakati.

Utunzaji huo wa wakati ndio unaoamua kila kitu. Mota ya stepa husogea hatua moja kwa kila pigo la umeme, na LinuxCNC inaweza kuyatoa mapigo hayo yenyewe kupitia tundu la zamani la printa lenye pini 25. Mapigo yakipishana wakati wake, mota hunguruma vibaya, na mwendo ukiwa mkubwa hukwama na kupoteza hatua bila kompyuta kujua, kwa kuwa katika mfumo wa namna hii hakuna kifaa kinachorudisha taarifa. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata waya, endesha jaribio la ucheleweshaji linalokuja na programu, linalopima kompyuta inachelewa kiasi gani kuitikia kwa wakati, huku ukifungua madirisha na kunakili mafaili makubwa. Kompyuta yetu mpya ilivuka nanosekunde 100,000, kiwango ambacho hakifai kabisa kwa kazi hii. Ile kuukuu, baada ya kuzima mipangilio ya kubana umeme, haikuvuka 16,000. (Fundi mwenzangu alidhani nimebadilisha karatasi za matokeo.)

Hata hivyo, tundu la printa lina ukomo wake. Madereva ya mota zetu, yaani vifaa vinavyopokea mapigo na kuzipa mota umeme, yanahitaji mapigo 1,600 kwa mzunguko, na skrubu husogeza meza milimita 5 kwa kila mzunguko, yaani mapigo 320 kwa milimita. Kompyuta inayoamka kila baada ya maikrosekunde 50, ikitumia zamu moja kupandisha pigo na nyingine kulishusha, hutoa mapigo 10,000 kwa sekunde, hivyo meza haiwezi kuzidi milimita 1,875 kwa dakika. Kwa mninga mwendo huo unatosha. Kwa kurudisha kisu mwanzo unachosha. Anayetaka zaidi atafute kadi ya Mesa ya mtandao, ambayo hutengeneza mapigo yenyewe na kuiachia kompyuta kazi ya kutuma maagizo mara 1,000 kwa sekunde.

Skrini ya AXIS imenipendeza, maana huchora njia yote ya kisu kabla ya ubao kuguswa, na makosa mawili ya msimbo wa G (maagizo ya mwendo wa mashine) niliyaona hapo badala ya kuyaona kwenye mbao. Mafaili ya HAL, yanayoeleza pini ipi inaunganishwa na nini, ni habari nyingine: chombo cha StepConf huyaandika kwa mashine ya kawaida, lakini kuongeza kihisi kimoja tu cha kupima urefu wa kisu kulinigharimu jioni nne.

Swichi ya dharura usiikabidhi kwa programu pekee. Ifunge ikate umeme wa mota moja kwa moja. Kompyuta mpakato usiifikirie, kwani nyingi hazina tundu la printa, na kibadilishi cha USB hakiwezi kutoa mapigo yenye wakati sahihi.