Baiskeli ya lami kwa mtu mrefu na mzito: anza na ekseli ya nyuma

Ekseli ya nyuma ya baiskeli yangu, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, ilikatika mwezi Machi mwaka jana, nilipokuwa nimeshaipita Ihumwa nikielekea kazini Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, na hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi kumi na minne. Nina urefu wa sentimita 184 na uzito wa kilo 102, nimeendesha baiskeli tangu nikiwa sekondari, na kila siku ya kazi nakwenda na kurudi zaidi ya kilomita 30 za lami. Mara mbili za kwanza nilidhani fundi amenifungia ekseli mbovu. Mara ya tatu, fundi mwingine wa pale Majengo aliichomoa ikatoka vipande viwili, akaniwekea kimoja kiganjani. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa nyeusi kwa kutu na grisi, na pembeni palibaki ukingo mwembamba uliong'aa kama sarafu mpya. "Dada, hii haikukatika leo," aliniambia. "Leo imemalizia tu."

Kwa sababu hiyo, mwongozo huu hauzungumzii rangi, kengele, keria wala ulaini wa siti, mambo ambayo kila mnunuzi huyaona mwenyewe akiwa dukani. Unazungumzia kitu ambacho sijawahi kumsikia muuzaji hata mmoja akikitaja, nacho ni mahali zilipokaa gololi za habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu.

Baiskeli nyingi za gia zinazouzwa hapa Dodoma zikiwa mpya zina friwili, yaani rundo la sprokiti (vile vigurudumu vya meno vinavyoshika mnyororo) lililoskurubiwa ubavuni mwa habu kama kifuniko kwenye chupa. Kwa muundo huo gololi za upande wa kulia hubaki ndani, nyuma ya sprokiti zote, na kutoka zilipo hadi fremu inapoibana ekseli kuna karibu sentimita nne za chuma chenye unene wa milimita 10 ambacho hakina cha kukiegemeza. Mtu wa kilo 60 anaweza kuipanda miaka mingi bila kuona tatizo. Mtu wa kilo 100 anayesimama juu ya pedeli kupandisha kuelekea Chimwaga, au anayevuka matuta ya barabarani bila kunyanyuka kwenye siti, hukipinda chuma hicho kidogo kidogo hadi kipate ufa, na kuanzia hapo kukatika ni suala la siku tu. Habu ya kaseti, ambayo sprokiti huvalishwa juu ya habu yenyewe na ambayo Shimano ya Japani iliingiza sokoni mwaka 1978, ilisogeza gololi hizo hadi karibu na fremu, na ekseli ikapata egemeo pale pale inapoelemewa.

Namna ya kutofautisha ni rahisi, nami nasihi usimwachie muuzaji akufanyie. Hesabu kwanza sprokiti za nyuma. Zikiwa saba au pungufu, karibu kila mara hiyo ni friwili. Zikiwa tisa au zaidi, karibu kila mara ni kaseti. Zikiwa nane, inaweza kuwa yoyote. Kwa hiyo ile stika ya "gia 21" inayobandikwa kwenye fremu kama sifa ina maana ya tatu mbele mara saba nyuma, na kwa mtu wa umbo langu ni tangazo la ekseli itakayokatika. Ukiwa na shaka, omba gurudumu lifunguliwe, kisha zungusha sprokiti kinyumenyume huku ukitazama zile pengo ndogo karibu na ekseli ambazo fundi huingiza kifaa chake: zikizunguka pamoja na sprokiti ni kaseti, zikitulia ni friwili.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni Trek FX ya mtumba yenye sprokiti tisa nyuma, fremu ya XL na spoki 32. Nakiri wazi kwamba naipendelea Trek, kampuni ya Marekani iliyoanza kutengeneza fremu mwaka 1976 huko Waterloo, Wisconsin, na sababu ni kwamba huandika uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa: kwa baiskeli za aina hii ni kilo 136, ukijumlisha baiskeli, mwendeshaji na mzigo. Mtu wa kilo 102 mwenye mkoba wa kazini anabaki na nafasi ya kutosha, na anajua anachokinunua. Fremu ya XL imekusudiwa watu wa takriban sentimita 186 hadi 197, lakini mimi mwenye miguu mirefu inanikaa vizuri kuliko L, ambayo ilinilazimu kuvuta bomba la siti hadi lile alama la mwisho na kuendesha nimejikunja mgongo. Hata hivyo jina peke yake halitoshi, maana zipo FX za bei ya chini zenye sprokiti saba, na hizo naziweka kundi moja na nyingine zote za friwili. Fungia matairi ya milimita 35, uyajaze upepo sawasawa, na lami yote ya barabara ya Dar es Salaam itakuwa laini chini yako. Mbigili za pembezoni mwa barabara ni vita nyingine isiyokwisha.

Chaguo la pili ni baiskeli ya Kiholanzi ya mtumba, kama Gazelle, yenye gia ndani ya habu. Waholanzi ni watu warefu, na baiskeli zao huja na fremu za sentimita 61 hadi 65 ambazo kwingine ni nadra kuziona. Nyuma kuna sprokiti moja tu, kwa hiyo ekseli haina ule urefu mtupu. Tatizo ni uzito wake dhidi ya upepo wa kiangazi, na ugumu wa kumpata fundi aliye tayari kuifungua habu hiyo.

Ya tatu ni Phoenix ya inchi 28, yenye sprokiti moja na spoki 40 nyuma, ambayo vipuri vyake vipo hadi vijijini. Sijaona ekseli yake ikikatika kwa uzito wa mtu. Lakini haina gia, na breki zake za fimbo kwenye ringi ya chuma iliyolowa hushika kwa kuchelewa mno kwa mtu mzito anayeteremka kwa kasi.

Baiskeli mpya za springi za bei nafuu sizipangi nafasi yoyote.

Linaloniumiza zaidi ni biashara yenyewe. Baiskeli iliyonikatikia ekseli mara tatu niliinunua shilingi 420,000, na muuzaji aliniongezea bei kwa hoja kwamba "fremu ya mtu mrefu ni adimu". Nilipomrudia alisema uzito wangu ndio ulioiharibu, ilhali aliniona kwa macho yake siku ananiuzia. Baadaye nikagundua mchezo mbaya zaidi: baadhi yao hung'oa gurudumu la kaseti kwenye baiskeli nzuri ya mtumba, wakaliuza peke yake, kisha wakafunga la friwili na kuiuza baiskeli kwa bei ile ile. Kagua basi kama habu ya mbele na ya nyuma ni za kampuni moja na zimechakaa sawa. Wengine hukataza kabisa kuijaribu baiskeli barabarani kabla ya malipo, wakati mtu wa kilo 100 hawezi kujua lolote kuhusu gurudumu kwa kuliinua na kulizungusha hewani.

FX ninayoendesha sasa nimekaa nayo mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mwezi uliopita nilimpelekea fundi yule yule abadilishe gololi na grisi, nikamwomba aitoe ekseli tuikague. Aliilaza juu ya kipande cha kioo cha dirisha akaisukuma kwa kidole, nayo ikabiringika hadi mwisho bila kuyumba. Akaifuta, akairudisha ile ile.