Ziara ya Pittsburgh ya mahali Franco Harris alipoudaka mpira: tathmini yangu

Oktoba iliyopita nilijiunga na ziara ya kuongozwa iliyochukua muda wa saa tatu mjini Pittsburgh, Pennsylvania, iliyoandaliwa na kampuni moja ndogo ya mjini humo kwa ajili ya tukio moja tu: mpira alioudaka Franco Harris tarehe 23 Desemba 1972, katika mchezo wa mtoano wa futiboli ya Kimarekani kati ya timu yake, Pittsburgh Steelers, na Oakland Raiders. Tukio hilo linaitwa Immaculate Reception, jina linalochezea imani ya Wakatoliki kuhusu Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, na NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo, ilipoadhimisha msimu wake wa 100 mwaka 2019, ndilo lililoshika nafasi ya kwanza miongoni mwa matukio yote ya historia yake. Nililipa dola 45. Ninawaandikia wasomaji wanaoishi Marekani au wanaokuja kutembea, ambao futiboli ya Kimarekani inawatatiza kama ilivyonitatiza mimi kwa miaka mingi.

Ni vyema kujua mapema kwamba uwanja wenyewe, Three Rivers, haupo tena. Ulibomolewa kwa baruti Februari 2001, na anayetarajia kuona nyasi na majukwaa atakuta lami, maegesho ya magari na, kwenye njia ya waenda kwa miguu, alama iliyowekwa mwaka 2012 kuonyesha pale Harris alipoupata mpira. Mahali pakavu namna hiyo pangeweza kuifanya ziara nzima ikose maana, na ndiyo maana ninampa kiongozi wetu sifa zote. Hakutusomea maandishi. Alitupanga sisi kumi na wawili kwa kuhesabu hatua: huyu awe Terry Bradshaw, mrusha mpira, huyu John Fuqua, mchezaji aliyelengwa, huyu Jack Tatum, beki wa Raiders. Kisha akatueleza hali ilivyokuwa. Raiders walikuwa wanaongoza 7 kwa 6, sekunde 22 zimebaki, Steelers wako kwenye jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, wanahitaji yadi 10, na mpira uko kwenye mstari wa yadi 40 upande wao wenyewe. Bradshaw akamrushia Fuqua, na Tatum akamfikia Fuqua pamoja na mpira.

Msaidizi wake, aliyevaa koti nene, alichukua nafasi ya Tatum, na kiongozi akamrushia mpira begani kwa nguvu. Mpira ule, kwa kuwa umechongoka pande zote mbili, haukuanguka chini kama nilivyodhani, bali uliruka kurudi nyuma hatua nyingi, ukashuka, na msichana wa miaka kama kumi aliyewekwa nafasi ya Harris akainama na kuudaka ukiwa umebaki kiganja kimoja kugusa lami. Nilikuwa nimetazama picha za tukio hili mara nyingi bila kuelewa jinsi mpira uliotupwa mbele ulivyoweza kumfikia mtu aliye nyuma. Pale nilielewa. Harris, ambaye huo ulikuwa msimu wake wa kwanza, alitakiwa abaki nyuma kumlinda Bradshaw. Alipoona mambo yameharibika aliufuata mpira ulikoelekea, akaukuta karibu na viatu vyake, akakimbia mpaka mwisho wa uwanja. Mchezo ukaisha 13 kwa 7, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa mtoano kwa timu iliyoanzishwa mwaka 1933.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni maelezo ya kanuni, kwa sababu ubishi wote umesimama juu yake. Wakati huo, pasi ikimgusa kwanza mchezaji wa timu inayoshambulia, mwenzake hakuruhusiwa kuidaka isipokuwa mpinzani awe ameigusa katikati. Kwa hiyo, kama mpira ulitoka kwa Fuqua peke yake, pointi zile hazikuwa halali. Kama ulimgusa Tatum, zilikuwa halali. Mwamuzi mkuu, Fred Swearingen, alizungumza kwa simu na msimamizi wa waamuzi, Art McNally, kabla ya kutoa ishara. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1978, na Fuqua kwa miaka mingi amekataa kusema mpira ulimgusa nani.

Hapa nina lawama. Kiongozi ni shabiki wa Steelers tangu utotoni, na malalamiko ya Raiders aliyapitia kwa sentensi moja. Nilipomuuliza alinijibu kwa haki na kwa kirefu, lakini jambo hilo lisingepaswa kungoja swali la mgeni, kwani upande wa walioshindwa ni nusu ya kisa chenyewe.

Lawama ya pili ni ya muda. Basi lilichelewa, na katika makumbusho ya michezo yaliyomo ndani ya Heinz History Center tulibakiwa na dakika 25 pekee. Viatu alivyovaa Harris siku ile vimo humo, nyuma ya kioo, na mtu anahitaji utulivu kuvitazama. Badala yake tuliharakishwa kama abiria wanaoachwa na treni.

Ndani ya basi, hata hivyo, tulipata simulizi ambazo sikuzitegemea. Wakazi wa Pittsburgh wasiokuwa na tiketi hawakuuona mchezo huo, kwa kuwa televisheni za eneo hilo zilizuiwa kuuonyesha. Walibaki na redio. Mmiliki wa timu, Art Rooney, naye hakuona kitu: alikwisha kukata tamaa na alikuwa ndani ya lifti akishuka kwenda kuwafariji wachezaji. Kiongozi aliposimulia kwamba Harris alifariki tarehe 20 Desemba 2022, siku tatu kabla ya kutimia miaka 50 tangu tukio hilo, alinyamaza kidogo, na basi zima likanyamaza naye.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Atakayeweka nafasi achague ziara ya asubuhi katika siku isiyo na mechi kwenye uwanja mpya ulio karibu, maana siku ya mechi maegesho hujaa na onyesho la kurusha mpira halifanyiki, kisha arudi makumbusho kwa wakati wake mwenyewe mchana.