Nimetoa matiti Mwanza (mimi ni mwanaume): huduma ilivyokuwa, na habari ya vesti ya kubana

Waliocheza chandimu pale Kibirizi, Kigoma, wanajua, timu moja inabaki na mashati nyingine inavua. Mimi toka nna miaka 14 nilikuwa nawahi uwanjani mapema ili nipangwe timu ya mashati, na wakisema leo nyie ndo mnavua basi ghafla mguu unaniuma nakaa pembeni. Ziwani naoga na tisheti. Jina langu la mtaani lilikuwa Mama Mkubwa, na mpaka nimefika 27 kuna watu wazima na ndevu zao walikuwa bado wananiita hivo mbele ya mchumba wangu.

Sasa kabla sijafika kwenye hospitali yenyewe niseme nilishapigwa hela kwanza. Kuna duka moja la dawa sitalitaja waliniuzia mafuta ya kupaka miezi mitatu, eti yanayeyusha. Hayakuyeyusha kitu zaidi ya mshahara. Jim nako nikaenda, nikapiga pushapu mpaka mikono ikawa kama ya kuli wa bandarini ila kifua kikazidi kuchomoza, maana msuli ulikua chini yake ukakisukuma mbele.

Mwaka jana ndo nikapanda basi kwenda Mwanza, Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Geita, unavuka kwenye lile daraja jipya la Busisi bila kusubiri kivuko, nikamuona daktari bingwa wa upasuaji rekebishi kwenye hospitali ambayo nayo siitaji, mana huyu daktari namsifu ila kuna wenzake nitawasema huko mbele.

Kilichonifanya nimwamini ni maswali. Nilijua nitaambiwa vua shati, haya lipia, kesho njoo. Wapi bana. Yalianza lini, yanauma, yanatoa majimaji, upande mmoja ulianza kabla ya mwenzake? Unakunywa pombe kiasi gani, ulishapiga sindano za kujaza misuli, unatumia dawa yoyote, za vidonda vya tumbo, za moyo, ARV? Anasema kuna dawa zinaleta hiyo hali, akataja simetidini, spironolaktoni na efavirenzi, na mtu akibadilishiwa dawa mapema na daktari wake yanaweza kurudi yenyewe. Afu akasema vua na suruali. Nikashtuka, daktari nimekuja na kifua! Kumbe uvimbe kwenye korodani unaweza kutoa homoni zinazokuza matiti, kwahiyo lazima apapase na huko. Tukamaliza hilo kimya kimya kila mtu anaangalia ukuta wake.

Akanibonyeza chini ya chuchu akanionyesha mwenyewe nishike, kuna kitu kigumu kama kitufe kikubwa cha koti, hiyo ni tezi ya titi. Mwanaume mnene mwenye mafuta matupu hana hicho kitufe, huyo akipungua mwili na kifua kinapungua. Kijana wa miaka 13, 14 naye anaambiwa asubiri, kwa wengi yanaondoka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mimi yalishakaa miaka 13 yamekomaa, dawa haifanyi kitu, ni kisu tu. Nikapimwa damu na ultrasaundi, akaniambia pia wanaume wanapata saratani ya matiti, ni wachache, kama mmoja kwenye kila wagonjwa mia wa saratani hiyo, ila wapo, kwahiyo ukiona uvimbe mgumu wa upande mmoja usiuonee aibu.

Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja wa Tabora, shikamoo mama, marahaba mwanangu, umeleta mgonjwa? Nikamwambia mgonjwa ni mimi mama. Hakucheka. Yeye alishakatwa titi la kushoto kwa saratani na kupigwa mionzi, alikuja kuuliza kuhusu kutengenezewa jingine. Wamemweleza kuna kuwekewa kifuko cha silikoni, ila ngozi iliyopigwa mionzi mara nyingi inagoma, inakaza kukizunguka kile kifuko, na hata kikikubali sio cha maisha, miaka ikienda huenda ukarudi kukibadilisha. Njia ya pili ni kuhamisha nyama ya tumboni au mgongoni mwake mwenyewe, opasheni ndefu na vidonda viwili. Akaniambia, "Mwanangu, mie nina miaka 58, nitashonewa la kitambaa na pamba nitie ndani ya sidiria nirudi kwenye maembe yangu." Dada mwingine alikuja kupunguzwa, mikanda ya sidiria imemchimba mabega mpaka kuna mitaro, naye akaulizwa kwanza ameshamaliza kuzaa, mana ukipunguza unaweza kukosa maziwa ya kutosha ya mtoto. Maswali tena.

Opasheni yenyewe sina la kusimulia, nusu kaputi, nimeamka nimefungwa. Amechana nusu duara pale ngozi nyeusi ya chuchu inapoishia, katoa tezi, mafuta ya pembeni kayavuta kwa mrija. Picha aliyonionyesha kwenye simu ni kama vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha uliopoa, vikapelekwa maabara, majibu salama. Vichupa vya kukusanya damu nilikaa navyo siku mbili.

Tatizo ni vesti. Hakuna mtu aliyeniambia mapema kwamba baada ya hapo unavaa vesti ya kubana usiku na mchana wiki sita, na pale hospitali hawana, na dirisha la malipo hawajui inauzwa wapi, ndugu yangu kazunguka mjini siku nzima nikiwa nimefungwa bandeji tu. Usipoibana damu na maji vinajaa pale palipobaki wazi. Sasa vaa hiyo kitu joto la Kigoma la mwezi wa tisa! Nilikuwa nalala sebuleni kwenye sakafu. Na safari ya kurudi msipande basi haraka kama mimi, matuta yote kuanzia Geita niliyahesabu kwa kifua.

Gharama bima ilikataa, wanasema ni urembo, ikaenda karibu bei ya pikipiki ya boksa iliyotumika. Chuchu ya kulia mpaka leo ina ganzi, aliniambia inaweza kutokea. Daktari nampa tisa, dirisha la malipo mbili.

Vesti ninayo bado, saizi M, imefuliwa, imelegea kidogo upande wa zipu ila inabana. Kama kuna mtu wa Kigoma anaenda kufanyiwa aseme nampa bure.