Modeli ya ua ya kuchangua: pistili safi, hesabu mbovu

Modeli hii ya plastiki ina urefu wa kama sentimita 30 pamoja na kikonyo, na vipande vyake vyote vinashikwa na vigingi vinavyoingia kwenye kitako cha ua. Ndani ya kasha mna sepali 5 (majani ya nje yanayofunika tumba), petali 5, stameni 6 (viungo vya kiume vinavyotoa chavua) na pistili moja (kiungo cha kike) iliyopasuliwa katikati. Pistili ni kazi safi: stigma, staili na ovari vinatofautishwa bila utata, na ovyuli zimejishikiza kwenye ukuta wa ovari inavyotakiwa. Kwa kufundisha majina ya sehemu za ua, mtu hajapoteza pesa. Balaa linaanza mwanafunzi akianza kuhesabu.

Petali 5 na stameni 6 haviendi pamoja. Kwa kawaida kila pete ya viungo hukaa kwenye mapengo ya pete iliyoitangulia: petali kati ya sepali, stameni kati ya petali. Kiungo kinachochomoza kwenye tumba changa huwazuia wenzake kuchomoza karibu nacho, kwa hiyo wanaofuata huishia kwenye nafasi zilizobaki. Pete ya viungo 5 huvitenga kwa digrii 72, ya viungo 6 kwa digrii 60. Ndiyo maana stameni moja ya modeli hii inatazamana na petali, nyingine imeegemea pembeni, na hakuna mpangilio unaoeleweka. Stameni 6 zipo, ila zina kwao. Yungiyungi huwa nazo kwa pete mbili za 3 na 3, na haradali yenye petali 4 ina stameni ndefu 4 na fupi 2. Kuzipachika kwenye ua la petali 5 ni kama kumvika mtu glavu ya vidole sita.

Kosa la pili ni la matundu: ya petali yamenyooka sawasawa na ya sepali, hivyo kila petali imekaa mbele ya sepali yake. Hili linarekebishika. Sogeza petali zote digrii 36, yaani nusu ya 72, weka alama kwa kalamu, kisha toboa upya. Pima kila alama kutoka tundu la kwanza, si kutoka la jirani, maana kosa la digrii 2 likirudiwa mara 4 linakuwa 8. Keekee iende polepole. Ikikimbia plastiki inayeyuka, tundu linapanuka na kigingi kinacheza. Matundu 6 ya stameni yazibe, utoboe 5 yanayoelekea sepali. Haya matano yatoboe kwa kipenyo cha vigingi vya petali, halafu vigingi vya stameni, ambavyo ni vyembamba, vizungushie utepe wa gundi. Faida yake ni kwamba ukiwa na seti ya pili ya petali unaweza kuzichomeka mahali pa stameni na kuonyesha jeni la kundi C, linaloamua kiungo kiwe stameni au kapeli (sehemu inayounda pistili), likikosekana: stameni hugeuka petali, na katikati, badala ya kapeli, huanza ua jingine. Kwa vipimo vya kiwandani onyesho hilo haliwezekani, na hapo ndipo modeli ya kuchangua ingepata maana.

Ulinganifu ndio umesahaulika kabisa. Petali zote zimetoka kwenye kalibu moja, kwa hiyo ua hili ni la mviringo tu, ilhali ulinganifu wa pande mbili, yaani nusu ya kushoto kufanana na ya kulia kama kwenye kioo, umejitokeza zaidi ya mara 70 katika historia ya mimea yenye maua. Chukua mfano wa Antirrhinum, ua la bustani liitwalo snapdragon kwa Kiingereza. Jeni CYCLOIDEA na mwenzake DICHOTOMA hufanya kazi upande wa juu wa ua peke yake. Huzibadilisha petali za juu na kuidumaza stameni ya juu, zikabaki 4 zinazotoa chavua. Zote mbili zikiharibika, ua linakuwa mviringo, kila petali inafanana na ile ya chini, na mara nyingi viungo vya pete vinafika 6, kwa sababu jeni hizo huzuia ukuaji wa upande ule tangu tumba likiwa changa.

Lakini “juu” ni wapi kwenye modeli hii? Kikonyo kimesimama peke yake, hakuna shina, na juu ya ua ni upande unaoelekea shina. Funga penseli kando ya kikonyo kwa mpira iwe ndiyo shina. Zungusha kitako hadi sepali moja iielekee penseli, kisha ng’oa stameni iliyo mbele ya sepali hiyo, kati ya petali mbili za juu. Hapo una Antirrhinum ya kubahatisha. Usijaribu kuigeuza ua la maharagwe: kule petali moja, ile bendera, ndiyo inayoelekea shina, na stameni ni 10, tisa zimeungana na moja iko huru.

Nyota 3 kati ya 5, mbili kati ya hizo ni za pistili. Stameni huvunjika shingoni, chini kidogo ya chavulio, na kasha halina za akiba; ile ya sita uliyoiondoa itunze.