Dizeli au petroli: mpangilio wangu kwa mnunuzi anayejaza tangi kwa hela yake

Uliza fundi yeyote atakwambia dizeli inakula kidogo. Ni kweli, kwa lita. Ila lita ya dizeli na lita ya petroli si kitu kimoja. Dizeli ni nzito zaidi: lita moja ina nishati ya takriban megajuli 36, ya petroli takriban 32. Kwa hiyo kabla hata injini haijawaka, dizeli imeshatangulia kwa zaidi ya asilimia 10. Na ikiungua inatoa hewa ya ukaa nyingi zaidi, kama kilo 2.65 kwa lita, wakati petroli inatoa kama 2.3.

Piga hesabu uone. Magari mawili ya umbo moja, la dizeli linatumia lita 6 kwa kilomita 100, la petroli lita 7.5. Kwenye pampu umeokoa asilimia 20 ya lita. Kwenye ekzosi, dizeli imetoa kilo 15.9 za hewa ya ukaa na petroli kilo 17.25, tofauti ya asilimia 8 tu. Anayekuuzia dizeli kwa ajili ya mfuko wako anaweza kuwa mkweli. Anayekwambia unanunua gari rafiki wa mazingira anatia chumvi.

Dizeli inashindia wapi, na inakwama wapi

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Inabana hewa mpaka inapata moto wa kuwasha mafuta yenyewe, na inabana kwelikweli: mara 15 hadi 20 kwa injini nyingi, wakati petroli ya kawaida iko kati ya 9 na 12. Kadiri inavyobana zaidi ndivyo inavyokamua kazi zaidi kwenye mafuta yaleyale. Jambo la pili ni hewa. Petroli ikitaka kupunguza nguvu hufunga kilango cha hewa, kwa hiyo ukienda polepole injini inapumua kwa shida, kama mtu anayekimbia huku akivuta pumzi kwa mrija. Dizeli inaiacha hewa iingie itakavyo na kupunguza mafuta tu. Ndiyo maana kwenye foleni, injini ikinguruma bila kwenda popote, petroli ya kawaida inaachwa mbali kuliko inavyoachwa kwenye barabara kuu.

Ungedhani basi dizeli ndiyo gari la mjini. Ingekuwa hivyo kama si chujio la masizi, linalokaa kwenye ekzosi ya karibu kila gari dogo la dizeli lililotengenezwa kwa kiwango cha moshi cha Ulaya kiitwacho Euro 5, kilichoanza 2009, na kuendelea. Chujio likijaa, kompyuta ya gari hupuliza mafuta ya ziada ili joto lipande hadi kama nyuzi 600 na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka gari litembee kwa mwendo wa kutosha dakika 10 hadi 20 bila kukatishwa. Mtu anayempeleka mtoto shule kilomita tatu, akazima, akaenda dukani kilomita mbili, akazima, hampi chujio nafasi hiyo hata siku moja. Usafishaji unaanza, unakatika, unaanza tena. Mafuta ya ziada yasiyoungua yanateremka kwenye oili. Ndipo inawaka taa kwenye dashibodi, kisha gari linakosa nguvu na kugoma kuchanganya, na bili ya chujio jipya inafuta akiba yote ya mafuta uliyokuwa ukijisifia.

Chujio hilo, pamoja na vichocheo vinavyokaa nalo, linataka pia dizeli yenye salfa kidogo. Magari ya Euro 5 na Euro 6 yalibuniwa kwa dizeli ya Ulaya, ambayo salfa yake haizidi sehemu 10 kwa milioni. Kabla ya kulipenda gari, jua kituo unachojaza kinauza dizeli ya namna gani.

Karatasi na barabara

Takwimu ya mafuta iliyo kwenye tangazo imetoka maabara. Ulaya ilitumia kwa miaka mingi kipimo cha NEDC, mtihani mpole mno wa mwendo mdogo na kuongeza kasi taratibu. Shirika la utafiti la ICCT lilipolinganisha namba hizo na matumizi ya watu barabarani, pengo lilikuwa kama asilimia 9 kwa magari ya 2001, likafika kama asilimia 42 kwa magari ya 2015. Injini zilikuwa zinaboreka kidogo, wahandisi wakazidi kuwa hodari wa kufaulu mtihani.

Septemba 2017 kikaanza kipimo kikali zaidi, WLTP. Pengo limepungua lakini halijaisha. Ripoti ya Tume ya Ulaya ya 2024, iliyotegemea mita za mafuta zilizomo ndani ya magari yenyewe yaliyosajiliwa 2021, ilikuta petroli iko juu ya karatasi kwa asilimia 24 hivi na dizeli kwa asilimia 18. Kwa hiyo mimi nikisoma namba ya WLTP naongeza robo kwa petroli na moja ya tano kwa dizeli. Namba ya NEDC ya katikati ya miaka ya 2010 naiongeza asilimia 40, kisha ndiyo nalinganisha.

Namba ya kuaminika kuliko zote utaipata mwenyewe. Jaza mpaka bomba la pampu lijikate mara ya kwanza, usiongeze hata tone, sifurisha kilomita. Endesha kama kawaida yako mpaka tangi lipungue vya kutosha, rudi pampu ileile, jaza mpaka ijikate. Lita ulizojaza gawa kwa kilomita, zidisha kwa 100. Fanya hivyo tangi kadhaa mfululizo. Kompyuta ya dashibodi ipe heshima yake, lakini mara nyingi inapendelea gari lake.

Wengi wetu tunahesabu kilomita kwa lita, na hapo kuna mtego. Kutoka gari la kilomita 8 kwa lita kwenda la 10 unaokoa lita 2.5 kila kilomita 100. Kutoka la 16 kwenda la 20, ambako tofauti inaonekana kubwa zaidi, unaokoa lita 1.25. Kama nyumbani kuna magari mawili, badilisha kwanza lile linalokula sana, hata kama jipya lake si la ajabu.

Moshi

Hewa ya ukaa tumeimaliza. Kinachowaumiza wanaopita kando ya barabara ni masizi na oksidi za nitrojeni, na hapa dizeli ina historia mbaya. Joto lake kubwa na hewa yake ya ziada ndivyo vinavyotengeneza oksidi hizo. Petroli inazisafisha kwa masega, yaani vichocheo vilivyo kwenye ekzosi, lakini masega ya aina hiyo hufanya kazi mchanganyiko wa hewa na mafuta ukiwa sawia, na dizeli daima ina hewa nyingi kupita kiasi. Ikabidi ibuniwe mitambo mingine: valvu ya kurudisha moshi ndani ya injini, na baadaye mfumo unaopuliza maji ya urea, AdBlue, yenye urea asilimia 32.5, kwenye moshi wa moto.

Mitambo hiyo ikifanya kazi, inafanya kazi vizuri. Ikizimwa, hakuna anayejua. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen iliweka programu inayotambua gari liko kwenye mtihani. Likiingia barabarani, oksidi za nitrojeni zilifika hadi mara 40 ya kiwango. Kampuni ilikiri kwamba magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Yaliyoanza kuifichua ni majaribio ya barabarani ya watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vifaa vya kupima moshi nyuma ya gari na kuondoka nalo. Miaka mitatu kabla ya hapo, Juni 2012, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa umeuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho ya mtunga sheria, tazama London. Ukanda wake wa hewa safi, ulioanza Aprili 2019, unaruhusu bila malipo petroli kuanzia Euro 4 lakini dizeli kuanzia Euro 6 tu. Gari la petroli la 2006 kwa kawaida linapita, la dizeli la 2013 kwa kawaida linalipa. Euro 4 iliiruhusu dizeli kutoa miligramu 250 za oksidi za nitrojeni kwa kilomita, petroli 80. Kwenye Euro 6 ni 80 kwa 60. Hata hivyo dizeli za mwanzo za Euro 6 zilifaulu maabara na kufeli barabarani. Mabadiliko yalikuja na Euro 6d-TEMP, iliyoanza kwa miundo mipya Septemba 2017 na kwa magari yote mapya Septemba 2019, kwa sababu ndiyo iliyolazimisha kipimo cha barabarani.

Mpangilio

*La kwanza: haibridi ya petroli isiyochomekwa.* Ni gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Kwa mtu anayekaa na foleni, mjadala wa dizeli na petroli unaishia hapa. Ukishika breki inarudisha nguvu kwenye betri, ukisimama injini inazima, ukiondoka mota inabeba ule mwendo mdogo ambao petroli inauchukia. Pale dizeli ilipokuwa ikiizidi petroli, haibridi inaizidi dizeli, na haina chujio la masizi la dizeli wala AdBlue. Kwenye barabara kuu kwa mwendo mkubwa usiobadilika faida hiyo inapungua sana, maana hakuna breki ya kuvuna. Ukinunua lililotumika, lipimwe betri kwa kompyuta kabla hujatoa hata malipo ya awali, na hakikisha tundu la kupoza betri, ambalo mara nyingi liko karibu na kiti cha nyuma, halijazibwa na vumbi.

*La pili: dizeli ya Euro 6d-TEMP au mpya zaidi.* Kwa mtu wa safari ndefu, mwenye kukokota tela au kubeba mzigo, hili linapanda kuwa la kwanza bila ubishi. Gari likiwa zito, petroli inalewa. Dizeli inavuta kwa mizunguko midogo na haibabaiki mlimani. Ila fanya hesabu hii kwanza. Chukua pesa ambayo dizeli imezidi petroli, pamoja na tofauti ya matengenezo, uigeuze kuwa lita za mafuta. Tuseme ni lita 1,500, na bei za pampu zinakaribiana. Kama unaokoa lita 1.5 kila kilomita 100, utahitaji kilomita 100,000 kurudisha. Anayetembea 40,000 kwa mwaka anarudisha kwa miaka miwili na nusu. Anayetembea 10,000 anahitaji miaka 10, na kabla haijaisha nozeli zitakuwa zimeshadai chao.

*La tatu: petroli ya kawaida isiyo na tabo, yaani feni ya kusukumia hewa injini.* Haina sifa za kujivunia, na ndiyo sifa yake. Kila fundi anaijua. Kwa safari fupi na kilomita chache kwa mwaka, ni vigumu kuishinda kwa gharama yote ukijumlisha.

*La nne: petroli ndogo yenye tabo, inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda.* Kwenye karatasi inavutia. Ukikanyaga kwa upole inakula kidogo kweli. Ukikanyaga kama gari kubwa, inakunywa kama gari kubwa. Upulizaji huo pia hutoa chembechembe za masizi, ndiyo maana nyingi za miaka ya karibuni nazo zimepewa chujio. Petroli haitoi moshi mweusi wa kuonekana kwa macho, lakini si malaika.

*La tano: haibridi ya kuchomeka.* Ripoti ileile ya Tume ya Ulaya ilikuta magari haya barabarani yanatoa hewa ya ukaa mara 3.5 ya namba rasmi, kwa sababu namba rasmi inadhani unachaji mara nyingi kuliko watu wanavyochaji. Kama una soketi pale unapolala na safari zako za kila siku ni fupi, lipandishe hadi la kwanza. Bila soketi unabeba betri nzito kwa petroli.

*La mwisho: dizeli kuukuu, hasa iliyokatwa chujio.* Ndiyo inayouzwa kwa bei ya kuvutia na maneno "haisumbui". Kama ni lazima uangalie moja, mwambie muuzaji asiwashe injini mpaka ufike, na ukifika gusa boneti. Likiwa na joto, kuna jambo analificha, kwa kawaida ni uwakaji wa asubuhi. Chomoa dipstiki: oili iliyopita alama ya juu na yenye harufu ya dizeli ni ya gari lililokuwa likikatishwa usafishaji wa chujio siku zote. Kisha, kabla hajawasha, ingiza kidole kilichofungwa tishu ndani ya mdomo wa ekzosi. Chujio likiwa zima, hata baada ya kilomita nyingi tishu hutoka karibu safi. Ikitoka nyeusi tii kwenye gari la Euro 5 au Euro 6, chujio limepasuka au halimo, na kwenye ukaguzi ujao wa moshi anayeulizwa atakuwa wewe. Mwombe akuonyeshe lilipo, gari likiwa limeinuliwa. Akianza kukueleza jinsi gari linavyovuta vizuri zaidi bila hilo chujio, mrudishie funguo.