TAHADHARI: muuza kadi za SSD za seva Kariakoo, huyu jamaa ni tapeli

Jamani naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira. Ile kadi ya SSD (diski ya kasi ya seva) niliyowaambia nimeipata kwa ajili ya databesi ya wale wa saccos ni feki, narudia FEKI, na jamaa kashanizimia simu.

Na asije mtu kuniambia sikuwa makini. Jamaa ana duka la ghorofani, si machinga, na aliyenipeleka kwake ni mtu tunamheshimu sote kwenye hizi kazi. Kadi yenyewe nzito, hitisinki nyeusi, lile bati la kupooza joto, imefunika juu kote, stika ya kampuni kubwa, TB 1.92. Nikamwambia kaka sichukui bila kujaribu, akacheka, "bosi jaribu mpaka uchoke", akaichomeka kwenye mashine yake akafungua CrystalDiskMark, programu ya kupima kasi ya diski, mbele ya macho yangu, kusoma MB 3,400 kwa sekunde, kuandika karibu 3,000, sasa hapo ungebisha nini? Nikamrushia milioni na nusu palepale.

Tumeanza kurejesha bekapu kwenye Postgres, ile programu ya databesi yao, mwanzo inakimbia, mara ghafla ikashuka chini ya MB 100 kwa sekunde. Asubuhi keshia anabonyeza kuhifadhi malipo, kiduara kinazunguka tu, foleni ya wanachama imefika nje, meneja kasimama nyuma yangu hasemi kitu. Ile aibu wee acha.

Nikaichomoa, nikafungua skrubu za hitisinki. Ndani kuna M.2 fupi, yaani kijidiski cha laptop, chenye chipu za QLC za bei chee, imepachikwa kwenye adapta! Kapasita za kulinda data umeme ukikatika hakuna hata moja, na hizo ndizo zinazoifanya kadi ya seva ijibu fsync (amri ya databesi kwamba data iandikwe kweli) haraka, hii ya laptop kila komiti, yaani kila muamala ukihifadhiwa, inasubiri data ifike kwenye chipu kabisa. Lile jaribio lake lilikuwa la GB 1, linaishia kwenye kashe, ile sehemu ndogo ya kasi ya diski, hata takataka inafaulu.

Huyu akamatwe. FCC (Tume ya Ushindani) si ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia, waende wapekue ile stoo, wafunge duka, na TRA nao wamuulize kwa nini hatoi risiti ya EFD. Huenda kuna hospitali huko zimeweka rekodi za wagonjwa kwenye uchafu wake, mtu kama huyu faini haimtoshi, alale ndani!

Jinsi ya kuitambua kwenye Linux: lsblk (amri ya kuorodhesha diski) ikisoma 1.8T hiyo ni TB 2 ya kawaida, ya 1.92 inasoma 1.7T. Modeli na seriali kwenye smartctl (amri ya kusoma taarifa za diski) zilingane na stika. Jaza diski yote kwa fio (programu ya kupima diski), kisha endesha pg_test_fsync, kipimo cha Postgres cha kasi ya fsync. Muuzaji akikataa kufungua hitisinki, ondoka.

Kama umenunua kwake ifungue leo kabla umeme haujakatika, halafu njoo inboksi twende polisi pamoja.