Uzoefu wangu katika kozi ya siku mbili ya bunduki kwa wanaoanza

Nilijiandikisha katika kozi hii nikiwa sijawahi kushika hata bunduki ya hewa, na nilikwenda nikiamini kwamba kazi kubwa ni ya jicho: ukiona vizuri, utapiga vizuri. Imani hiyo haikumaliza siku ya kwanza. Kwa jumla naipendekeza kozi kwa yeyote anayeanza, ila yapo mambo mawili ambayo waandaaji wanapaswa kuyarekebisha, nami nitayataja bila kumung'unya maneno.

Asubuhi nzima ya siku ya kwanza hakuna aliyefyatua risasi. Tulikaa darasani tukifundishwa kanuni nne ambazo mkufunzi alitutaka tuzitamke mmoja mmoja: kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, hata ile uliyoikagua sasa hivi, mdomo wa mtutu usielekezwe kwa kitu ambacho hauko tayari kukiharibu, kidole kikae nje ya triga mpaka uwe umelenga na kuamua kufyatua, na ujue unacholenga pamoja na kilicho nyuma yake. Kanuni ya nne niliiona ya kupita tu, mpaka mkufunzi alipotuwekea mezani risasi ya kalibre .22 (yaani ya mtutu wenye kipenyo cha takriban inchi 0.22), ambayo kichwa chake kina uzito wa takriban gramu 2.6, akatueleza kwamba kidude hicho, mtutu ukiinuliwa vya kutosha, kinaweza kuruka zaidi ya kilomita 1.5. Tangu hapo niliutazama ule ukuta wa udongo ulioko nyuma ya shabaha kwa macho mengine.

Nidhamu ilikuwa kali, na ninawapa alama zote kwa hilo. Mwenzetu mmoja aligeuka na bunduki mkononi ili aulize swali, bunduki ikiwa tupu na bolti (chuma cha kuvuta kwa mkono kinachofungua na kufunga chemba ya risasi) ikiwa wazi, lakini kabla hajamaliza kusema “Samahani, mwalimu,” mkono wa mkufunzi ulikuwa umekwisha kuusukuma mtutu urudi upande wa shabaha, na yeye akakosa zamu yake. Wakati ule nilidhani ameonewa. Baadaye, nilipolala kifudifudi na watu wawili kila upande, sikudhani hivyo tena.

Bunduki tulizopewa zilikuwa za bolti za kalibre .22, na huo ni uchaguzi wa busara, kwa sababu teke lake ni dogo mno na mlio wake hautishi sana, ingawa hata huo hausikilizwi bila kinga. Tulivaa vizibo ndani ya masikio na vikombe vya kuzuia sauti juu yake. Tulianza kwa umbali wa mita 25, tukilenga bila darubini. Hapa nilijifunza jambo ambalo sikulitarajia: jicho haliwezi kuona sawasawa ncha ya nyuma, ncha ya mbele (vile vilengeo viwili vilivyo juu ya bunduki) na shabaha kwa wakati mmoja, kwa hiyo unaichagua ncha ya mbele na kuiacha shabaha yenyewe iwe na ukungu. Kingine ni kwamba unapokwisha kujilaza unafumba macho, unapumua mara mbili, kisha unayafumbua. Ukikuta ncha imehama, hauivuti bunduki kwa mikono, bali unasogeza nyonga na tumbo mpaka mwili wenyewe uelekee kwenye shabaha. Nilihisi kichekesho kujikokota sakafuni kama kobe, lakini matundu yalianza kukaribiana.

Sehemu iliyostahili muda wote tuliotumia ni zoezi la risasi za bandia. Mkufunzi alichukua magazini yangu (kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki), akanigeuzia mgongo, akachanganya risasi halisi na za bandia nisijue ipi iko wapi, kisha akaniambia nifyatue kama kawaida. Risasi ya kwanza ililia. Ya pili ilikuwa ya bandia, na hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu mwenyewe mtutu ukitumbukia chini kabisa kabla ya kitu chochote kutokea: mwili wangu ulikuwa ukiupinga mlio ambao haukuwepo. Nilikuwa nimewalaumu upepo, bunduki na hata karatasi, kumbe kila risasi nilikuwa nikiiangusha mwenyewe. “Ndugu yangu, bunduki haina kosa,” aliniambia kwa upole, akanirudishia magazini ile ile mara sita au saba, mpaka ncha ya mbele ikatulia bila kujali kilichokuwa ndani ya chemba. Triga inaminywa polepole katika kile kituo kifupi baada ya kutoa pumzi, na mlio unatakiwa ukushtue kidogo, ukiusubiri, umeshaharibu. Ikiwa kituo kinazidi sekunde chache na bado hujafyatua, unaacha, unapumua, unaanza upya. Hili la kuacha ndilo lililonishinda zaidi.

Sasa malalamiko. La kwanza ni kwamba hakuna aliyetupima jicho tawala, yaani lile ambalo ubongo hulitegemea zaidi katika kulenga, kabla ya kuanza. Kipimo chenyewe hakichukui hata nusu dakika: unanyoosha mikono, unaacha tundu dogo kati ya viganja, unatazama kitu cha mbali kupitia hapo, kisha unafumba jicho moja moja, jicho ambalo likifumbwa kitu kinapotea ndilo tawala. Langu ni la kushoto, nami natumia mkono wa kulia, na jambo hili liligunduliwa alasiri ya siku ya kwanza, baada ya mimi kukunja uso saa nzima hadi kichwa kuniuma. Walinibandikia kipande cha utepe usiopenyeza mwanga kwenye kioo cha kushoto cha miwani ya kinga, na tatizo likapungua papo hapo. Kwa nini lisifanywe darasani?

La pili ni haraka ya siku ya pili. Asubuhi ilikwenda vizuri. Tulipiga goti, tulisimama (kusimama ni unyonge mtupu, mtutu unacheza kama unyasi), tukafundishwa kurekebisha darubini, ambapo kila “klik” moja ya kirungu cha kuzungusha cha darubini tuliyotumia ilihamisha pigo kwa takriban milimita 7 katika umbali wa mita 100. Ila tulikuwa wengi kwa wakufunzi wawili, hivyo tulipofika kwenye bunduki ya kalibre kubwa kila mtu alipata risasi tatu tu, akasimamishwa, akaitwa mwingine. Risasi tatu hazikufundishi chochote isipokuwa kukurudishia woga ulioutoa jana yake, nami nilimwona jirani yangu akianza tena kufumba macho. Ingekuwa heri sehemu hiyo iondolewe kabisa na muda wake uongezwe kwenye zoezi la risasi za bandia.

Usafi ulipitiwa kwa uangalifu. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwani jina la kile tunachofyatua ndilo jina la madini yenyewe, na madini ya risasi ni sumu; kwa hiyo hatukuruhusiwa kula wala kunywa kwenye mstari wa kufyatulia, na kabla ya chakula tulinawa kwa sabuni na maji baridi.

Anayekusudia kujiandikisha avae shati lenye kola inayofunga shingo. Ganda la risasi ya .22 ni dogo kuliko kifundo cha mwisho cha kidole, lakini linatoka likiwa la moto, na bunduki nyingi hulitupia kulia. Lile la jirani yangu wa kushoto liliniingia mgongoni nikiwa nimelala na kidole kikiwa karibu na triga. Nilifanya nilivyofundishwa: nilitoa kidole, nikafungua bolti, nikaiweka bunduki chini, ndipo nikaruka.